Nguva Hakumchukua Athmani

Kibokoni, Mombasa

Mama yangu Bi Rukia, mavyaa wangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Kabla ya yote nakuulizia magoti yako na kifua chako, na kama mvua za huko Kizingitini zimekuacha ulale pakavu. Mimi mwili mzima, namshukuru Mola. Moyo ndio ulionikalisha nikashika kalamu. Anayekusomea barua hii ni Omari mwenyewe. Nimemkabidhi yeye, nikamwomba asiruke neno. Akinyamaza katikati mwache apumue, kisha mwambie aendelee.

Huku niko vile vile. Naishi kwa mama mdogo Khadija, chumba cha juu, na kila asubuhi nakwenda Ganjoni kuwapikia wale watu niliokueleza. Ni wema, ila hawali pilipili, nami mkono wangu haujazoea. Mama mdogo anasema nimekonda. Namwambia ni ngazi.

Mama, yule mama wa Faza aliyeshuka basi Mwembe Tayari alinifikishia samli yako na habari yako. Alinieleza kuwa binti yangu Mwanamize ameonekana baharini peke yake, maji yamemfika kifuani, anamwita babake atoke. Walipomtoa alilia akisema amechoka kumngoja, na kwamba yeye ndiye atakayekwenda kwa nguva kumfuata. Mtoto hata meno ya mbele hajamaliza kuota.

Unaikumbuka siku ile kuliko mimi. Athmani alikwenda kuzamia kamba wakubwa kule miambani, na mashua ikarudi bila yeye. Omari, mwenzake wa kuzamia, alisimama uani kwako, nguo zinamchuruzika, akatwambia kuwa Athmani alipozama, kando ya mashua aliibuka mwanamke wa majini, nywele zimemfunika uso, mtoto kifuani, kisha akazama tena. Ulimsikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Basi mwanangu hajafa. Yuko kwa watu wa baharini." Ukakataza matanga, ukakataza khitma, ukaniambia nisikae eda maana mume wangu yu hai. Kila Alhamisi ukawa wapeleka sahani ya wali ufukoni.

Sikukupinga, Mama. Nami nilitaka iwe hivyo. Tena nilimwonea wivu huyo mwanamke wa baharini. Nilikuwa nikichana nywele zangu nikijiuliza zake zina urefu gani, na Athmani amempendea nini.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita nilikwenda soko la samaki hapa Mji wa Kale kuwanunulia tafi watu wa Ganjoni. Nikakuta watu wamejaa mlangoni, wanaume wanacheka vicheko vya aibu na kuambiana mambo nisiyoweza kukuandikia. Nikasikia mmoja akisema, "Ni nguva." Miguu ikataka kunirudisha nyumbani. Lakini nilijua nikirudi bila kumwona sitalala tena maisha yangu, nikapenya.

Alikuwa amelazwa sakafuni juu ya turubai. Alinasa katika nyavu za papa upande wa Gazi, akafa kwa kukosa pumzi. Mama, hana nywele. Ana vinyweleo vichache, vigumu kama vya nguruwe pori, na ngozi nene ya kijivu. Mdomo wake ni wa ng'ombe, umeangalia chini. Mkia umegawanyika kama wa samaki. Lakini chini ya mikono, pale kwapani, ana maziwa mawili kama yangu na yako, na yalikuwa yamejaa. Niliona tone linatoka.

Muuza samaki, mzee mmoja anayenijua kwa ununuzi, aliniona nimeshika ukuta. Nikamwuliza kama kiumbe huyu aweza kumvuta mtu chini. Hakunicheka.

"Huyu, mwanangu? Huyu humkimbia mtu. Kazi yake ni kula majani ya baharini na kunyonyesha. Huja juu kuvuta pumzi, majani yamemning'inia kichwani, na mabaharia wa tangu zamani, Waarabu na Wazungu, wakamwona mwanamke."

Akanionyesha majani mabichi yaliyobaki midomoni mwake. Niliinama nikamgusa. Nilikuwa nimemchukia mwaka mzima na zaidi, na huyu alikuwa mama, na mwanawe yuko huko baharini anamtafuta. Nililia mbele za wanaume, Mama, shela langu kinywani. Sikununua samaki.

Kutoka hapo nilimwendea Omari, aliyekuwa amefikia kwa nduguye Mwembe Tayari akitibiwa masikio. Nilimweleza nilichokiona. Naye akasema maneno haya, na sasa ayasome mwenyewe:

"Nilimwona chini ya mwamba, mkono umenasa katika tundu la kamba, ametulia. Nilimvuta mpaka pumzi ikanishinda. Nilirudi tena, mkondo ukanitupa mbali. Nilipokuwa nimeshika ubavu wa mashua nikitapika maji, nguva aliibuka karibu yangu akiwa na mwanawe. Niliona mgongo, na pua, na majani kichwani. Nilipofika uani Mama alikuwa ananitazama. Sikuweza. Majani nikayaita nywele."

Mama, usimfukuze. Angalia masikio yake, bado yanatoka usaha. Yaliharibika siku ile, kwa kuzama mara nyingi mno akimtafuta mwanao. Hakukusudia kukudanganya. Alikuona unaanguka, akanyoosha mkono akakupa alichokuwa nacho karibu.

Siku ya pili mimi na Omari tulikwenda kwa kadhi. Alimwapisha Omari, akamsikiliza, akaandika kuwa Athmani amefariki. Nikamwuliza nianze eda lini. Akaniambia kwa upole, "Binti yangu, eda huhesabiwa tangu siku aliyokufa, si siku uliyojua. Yako imekwisha zamani." Nilitoka pale nikasimama njiani, watu wananipita. Nilikuwa nimekaa ujane wote nikipika mchuzi Ganjoni na kucheka na watoto wa watu, wala sikujua.

Najua nakunyang'anya, Mama. Ningekuwa na njia nyingine ningekuachia mwanao huko huko ulikomweka, upeleke wali wako wa Alhamisi kwa matumaini. Lakini yupo Mwanamize, naye anaweza kutembea mpaka baharini.

Nimewaaga watu wa Ganjoni, wamekubali. Wiki ijayo nitapanda basi, mojawapo ya yale yanayosindikizwa na askari, kisha mashua ya Faza. Ninakuomba mawili. La kwanza, mtoto asiende pwani hata kuosha miguu. Lala naye, mfunge ncha ya kanga yako kiunoni mwake ikibidi. La pili, usimwambie lolote mpaka nifike. Nitamwambia mimi. Nitamweleza nguva ni mnyama wa Mungu, anakula majani, anampenda mwanawe, na kwamba babake amekufa. Kisha aitwe mwalimu wa madrasa tusome khitma, Athmani aswaliwe swala ya ghaibu, maana mwili hatunao, na sisi watatu tumlie kwa sauti kama wafiwa wengine. Sijawahi kumlia mbele yako. Wewe pia hujamlia mbele yangu.

Nisalimie shemeji Shee, fundi wa mashua; mwambie kaka yake alimpenda. Nisalimie Bi Mwanakombo, mkunga aliyempokea Athmani na kisha Mwanamize. Wape salamu majirani wa kisimani. Mama mdogo Khadija anakupa pole. Wewe ni wa kwanza kupewa, maana mpaka leo hakuna aliyetupa pole.

Mungu akupe subira kunishinda mimi.

Ni mimi mwanao,
Zuhura, mjane wa Athmani