Mvutano Usio na Kamba

Mnero, Nachingwea
Jumapili, 4 Mei 2025

Mke mwenzangu Klementina,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Kifua chako kinasemaje na vumbi la huko Dodoma? Unakula, au bado unaishi kwa chai na maandazi kama mgonjwa? Mimi mzima, magoti tu yameasi, kila moja linakwenda linakotaka. Baba yako mzima. Mama yako mzima ila amekonda, na sababu unaijua. Mbaazi zimeanza kuchanua, ufuta tumeshakata umesimama unakauka, na nguruwe pori safari hii wametuhurumia, wamekwenda kula kwa wengine.

Mwandiko huu ni wa Fatma, jirani yetu yule muuza salfa, dawa ya mikorosho. Maneno ni yangu. Mimi shule niliiona kwa nje, nikipita na kuni kichwani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshe kama nguo. Ningekupigia, lakini simu zako zina tabia: tukifika penye jambo lenyewe, mtandao unakata. Barua haikati. Ukiichana utakuwa umeshaisoma.

Krismasi hukuja. Pasaka hukuja. Sasa mwezi wa saba tunajengea kaburi la babu yako, padri atakuja kulibariki, na nimesikia umemwambia mama yako usihesabiwe. Ndiyo maana naandika. Nataka uje. Nimelisema mapema ili usisome barua yote ukitafuta bibi anataka nini.

Turudi siku ya arobaini, maana ndipo palipoharibika. Watu wameshakula, wamekaa, wanangoja kuaga. Mimi nikakuita mbele yao wote, nikakuuliza wewe unayesoma fizikia na mambo ya juu huko, unieleze babu yako Kipriani yuko wapi. Ukanyamaza. Ukatazama chini. Ningekuwa na akili ningekuacha ukanyamaza hivyo hivyo. Nikakuuliza tena. Ndipo ukasema bibi, babu hayuko popote. Ukasema mwili uko kaburini, na kile kilichokuwa kinacheka na kukohoa kimekwisha, kama moto unavyokwisha, na mtu haulizi moto umekwenda wapi.

Halafu baba yako akainuka. Kumtendea haki, yeye ni katekista, na nyuma yake palikuwa na watu wa kigango kizima wanaofundishwa na yeye habari za ufufuko, na mmoja, sitamtaja, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba katekista awe anaanza kufundisha nyumbani kwake. Basi Bonifasi akakuambia usikanyage uwanja wake mpaka utakapomwomba msamaha Mungu, na babu yako, na yeye. Ulichukua begi ukaenda kungoja gari barabarani na jua lile. Una ulimi wangu na miguu ya babu yako, yaani kusema bila kupima na kuondoka bila kuaga. Siku ile nilitamani ungechukua vya mama yako, ambaye anaomba samahani hata kwa mbuzi.

Na mimi nilikukasirikia. Nilikukasirikia mpaka nikawa natia chumvi mara mbili kwenye mboga.

Mwezi wa kumi na moja nikaenda Likunja kumsaidia bibi yako Felomena kuokota korosho. Unamjua mdogo wangu yule, akiwa na chumba kitupu hawezi kulala, kwa hiyo amempangisha mwalimu mmoja wa sekondari, anaitwa Saleh, mtu wa Tanga. Kijana mpole, anaswali, anakula kila anachopewa, na Kiswahili chake kitamu mno, nikamwambia apunguze sukari, huku kwetu tutapata ugonjwa. Felomena akaniambia kwamba huyu anafundisha fizikia. Nikasema ahaa. Nikaweka kikapu chini. Nikamwambia mwalimu, wewe ndiye umenivunjia nyumba.

Maskini, aliogopa. Alidhani ni habari ya wanafunzi wa kike. Nilipomweleza akacheka kwa kupumua, akakaa, akaniuliza nataka kujua nini. Nikamwambia nataka kujua mjukuu wangu anafundishwa nini huko hata akawa hana babu. Akasema tuanze na karibu kwanza. Akaniambia dunia inakwenda kulizunguka jua na mwezi unaizunguka dunia, na kinachovishika visipotee ni nguvu ya mvutano.

Nikamzuia hapo hapo. Nikamwambia mvutano naujua vizuri, kwa mwanangu upo, watu hawasemeshani tangu arobaini. Akasema si mvutano huo. Nikamwambia kama una jina moja ni huo huo. Kitu kimoja kinataka kuondoka, kingine hakitaki kiende, na hakuna anayeshinda. Je, siyo hivyo mwezi unavyofanya? Akafikiri, akakiri kwamba ndivyo hivyo hasa, mwezi kila saa unataka kukimbia zake na kila saa unaangukia huku, ndipo unazunguka. Nikasema basi huyo ni Klementina na Bonifasi.

Nikamuuliza kamba yenyewe iko wapi. Maana kuvuta lazima kuwe na kamba. Akasema haipo. Hakuna kamba, hakuna mkono. Nikamwambia mwalimu, utanidanganya mimi mzee? Basi akasimama, akaenda kwenye kitanda cha kamba cha Felomena kilichokuwa nje kinapigwa jua, akatandika kanga juu yake akaikaza, akabeba jiwe la kusagia akaliweka katikati. Kitanda kikabonyea. Halafu akachukua punje ya mbaazi akaiweka pembeni, ikabiringika yenyewe mpaka kwenye jiwe. Akaniuliza nani ameivuta. Nikatazama. Hakuna aliyeivuta. Akasema wataalamu wa sasa wanaona hivyo: jua halivuti, jua ni zito tu, limebonyeza mahali lilipokaa, na vyepesi vinafuata mteremko.

Klementina, nilicheka mpaka Felomena akatoka jikoni na mwiko. Nikamwambia mwalimu, mwanangu, hili umelisomea miaka mingapi? Mimi nimelilalia. Babu yako unaukumbuka mwili wake ulivyokuwa mzito. Tangu niolewe, Kipriani akishapanda kitandani, hata kama tumegombana, hata kama nimeapa kulala ukingoni na mgongo nimempa, usingizi ukinichukua tu nabiringika. Asubuhi niko kwake. Yeye anasema umenifuata. Mimi nasema nimeporomoka. (Fatma ameweka kalamu chini anacheka, anasema hili halifai kwenda kwa mtoto. Nimemwambia andika, huyu si mtoto, huyu ni mke mwenzangu, babu yake mwenyewe ndiye alikuwa akimwita mke mdogo.)

Tukacheka, tukala, nikarudi Mnero na kikapu changu. Usiku nikapanda kitandani kwangu, ukingoni, upande wangu ule ule. Usingizi ukaja. Nikabiringika.

Nikafika pale katikati pake, na yeye hayupo.

Sikuwahi kuliangalia jambo hili kabla. Toka azikwe nilikuwa naamka nimejikunja upande wake nikidhani ni baridi. Kumbe kitanda bado kimebonyea alipokuwa. Nililia, mama, nililia kilio ambacho makaburini hakikutoka. Baba yako asubuhi akaona macho, akasema kitanda kinaniumiza mgongo, atakiwamba upya. Akaleta na kamba mpya. Nikamwambia akigusa kamba moja ya kitanda kile nitasahau kwamba nilimzaa.

Najua utasema ni kamba zimelegea. Zimelegea, ndiyo. Zimelegezwa na nani? Na mwalimu Saleh nilipomrudia na habari hii hakunidanganya. Alisema huko juu si hivyo, jua likiondoka leo, mteremko nao unanyooka, dakika chache tu dunia inajikuta haina pa kuzunguka. Nikamshukuru kwa kutonibembeleza. Kwa hiyo sisemi babu yako yumo shimoni mwa kitanda, mimi si mwehu. Nasema hivi: wewe ulisema hayuko popote, na mimi kitu ambacho hakiko popote hakijawahi kunibiringisha mwili mzima huu. Hapo sina jibu. Wewe unalo? Kama unalo njoo nalo. Kama huna njoo hivyo hivyo.

Nilimuuliza pia mwalimu, kwa kujua yote hayo, msikitini bado anakwenda kufanya nini. Sikumuuliza kwa adabu. Akasema zipo siku anafanya hesabu ubaoni, hesabu ya jua na hesabu ya jiwe lililotupwa na mtoto, na zote mbili zinafuata sheria moja, na ikitoka sawa anasikia kitu kifuani kile kile anachosikia akiweka paji la uso kwenye mkeka. Kwa nini, hajui. Wanafunzi hawaambii, maana haiko kwenye mtihani. Nikafikiri, kumbe mtu anaweza kula sahani mbili na asivimbiwe, na mjukuu wangu ameambiwa na baba yake achague moja, na huenda huko chuoni nako ameambiwa achague moja. Wote hao wana haraka ya nini?

Mimi Mungu nilifundishwa ni mtu wa juu, ameshika kamba, huyu anamvuta, yule anamwachia. Kipriani alipougua nikawa namwambia vuta, usiachie. Akaachia. Sasa mwalimu amenikatia kamba zote na dunia haikuanguka. Nikabaki nawaza, pengine Mungu havuti mtu. Pengine amekaa tu, mzito, na sisi ndio tunaporomoka kumwendea, wengine haraka, wengine kwa kuzunguka zunguka kama mwezi, na hata anayempa mgongo usingizi ukimchukua atajikuta kwake. Nilimweleza baba yako. Akasema mama, hiyo haimo katika katekisimu. Nikamwambia najua haimo, ningeisoma wapi?

Sasa nakwambia jambo ambalo baba yako halijui, na Fatma analisikia leo, na ameapa atafunga mdomo.

Siku ile ya arobaini sikukupima. Watu wote walidhani bibi anamtega mtoto wa chuo mbele ya watu. Baba yako alidhani hivyo, na wewe nadhani ulidhani hivyo. Nilikuuliza kwa sababu sikujua. Tangu tulipofukia lile kaburi, nilikuwa nikifika kanisani kwenye Nasadiki, watu wakisema wanangojea ufufuko wa wafu, mimi natazama mgongo wa mtu wa mbele yangu nafunga mdomo. Nilikuwa sina kitu ndani. Kila aliyekuja kunipa pole alisema yuko mahali pema, yuko mahali pema, upesi upesi, kama mtu anayemfunika mtoto kanga asione. Nikasema nitamuuliza Klementina, yule hajui kudanganya. Na wewe ukanijibu. Ukasema kwa mdomo kile nilichokuwa nacho moyoni na kinachonitisha. Hasira yangu haikuwa kwamba umekosea. Ilikuwa kwamba tuko wawili.

Kwa hiyo kama kuna dhambi siku ile, igawe nusu kwa nusu. Nitamwambia padri, na nitamwambia baba yako mbele yako, siyo kabla. Nataka nikisema uwe umekaa karibu yangu.

Siku hizi Nasadiki naisema tena. Kwa sauti ndogo, lakini naimaliza. Sikuombi na wewe uiseme. Simama tu hapo kaburini karibu na mimi, ukinyamaza unyamaze, mdomo wako nimeuzaa mimi kwa mkono wa pili, naujua ukinyamaza una maana gani.

Baba yako nimemwambia ninakuandikia. Alikuwa anatengeneza jembe, hakuinua kichwa. Nikamuuliza kama ana salamu. Akasema hana. Nikamngoja, maana nilimzaa, namjua. Akapiga jembe, akapiga, halafu akasema kwamba amesikia redioni eti mwezi unatuacha, kila mwaka unajitenga kidogo, kiasi cha ukucha unavyokua. Akauliza ni kweli? Nikamwambia mimi nitajuaje, ngoja nimwandikie mwenye mambo yake akujibu kwa simu. Akasema hapana, jambo kama hilo si la simu. Akasema yeye anataka aelezwe na mtu aliyekaa mbele yake, tena kwa utaratibu, hata kama ni siku mbili. Akarudi kupiga jembe lililokwisha kunyooka zamani.

Huo ndio msamaha wake, Klementina. Hatakuwa na mwingine, usiungoje.

Mama yako anakusalimu na anauliza kama lile sweta bado linakutosha. Fatma anakusalimu, anasema mkono umemuuma na utamlipa kwa kumfundisha mwanawe hesabu. Felomena wa Likunja atakuwepo, na mwalimu Saleh amesema atakuja kusoma dua yake pembeni kama padri hatakasirika, na padri akikasirika ataniona. Wasalimie wenzako wa chumbani. Vaa viatu, huko usiku kuna baridi.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda hata nikikugombeza,

Teodosia