Thaara Hafi

Wangari, rafiki yangu,

Kwanza nikuambie jinsi mazishi yalivyokwenda, maana najua ungetaka kujua. Tulikuzika Ngoliba, kwenye shamba la baba yako, jua likiwaka kama kawaida ya huko. Kamati ya mazishi ilikuwa imenipa kazi ya kuandika wasifu wako, kwa kuwa mimi ndiye "yule rafiki wa vitabu". Niliandika ukweli. Kwamba ulikuwa mchoyo wa chapati. Kwamba ungeniambia "niko hapa Juja" na kumbe bado uko nyumbani kwako Ngoingwa, Thika, unaoga. Kwamba uligombana na landilodi juu ya maji mpaka wapangaji wa ploti nzima wakatoka nje kuangalia, na maji yakarudi jioni hiyo hiyo. Tata Wairimu, shangazi yako, alisoma akanirudishia karatasi. "Nyambura, marehemu hasemwi hivyo." Basi pasta akasoma wasifu mwingine: mpole, mnyenyekevu, hakuwahi kuinua sauti. Niligeuka nitafute mtu wa kumkonyeza. Mtu huyo alikuwa wewe, na wewe ulikuwa ndani ya sanduku. Nikaangalia chini mpaka akamaliza.

Tangu hapo Ruiru imekuwa kimya sana. Jumamosi bado naamka mapema nijitayarishe kuja kwako Thika tuandike. Nikishavaa viatu ndipo nakumbuka. Nakaa navyo kitandani, sijui niende wapi.

Kitabu chetu umekiacha karibu na mwisho. Unamkumbuka Thaara wetu wa kwanza, yule mwanamke anayechunga mito kama watu wanavyochunga ng'ombe? Sisi wanawake wawili wazima, na bado tulimpa kiuno chembamba, nywele zisizoshika vumbi, na vita vya kutwa nzima bila kusikia njaa. Ulisoma kwa sauti ukatupa karatasi mezani. "Woi! Huyu si mtu, ni picha ya kalenda ya duka la hardware! Kwani huyu dem haendi choo?" Tukampa upanga na matusi, akawa mwanamume mwenye hereni. Huyo pia ukamkataa. Ukasema tuache kuuliza ana nguvu kiasi gani, tuulize anataka nini na nani anamuudhi. Ndipo akatokea Thaara tunayemjua: goti bovu, mkali wa kubishania bei, anayependa mto mmoja kuliko mingine na ukimuuliza anakana. Siku hiyo tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa sikiliza. Ulipoondoka, mhariri alinipigia. Anataka Thaara ajitose majini afe, ili yule mfalme kijana wa hadithi yetu apate uchungu wa kwenda vitani. Asipokufa, hawachapi. Unajua tulivyokingoja kitabu hiki. Nikaketi nikaandika, na ikaja rahisi mno. Thaara akasamehe kila mtu. Akasema kwa sauti laini. Akazama, nywele zikielea juu ya maji. Nililia nikiandika, nikadhani ndiyo kazi nzuri kuliko zote tulizowahi kufanya. Kisha nikajisomea kwa sauti, kwa kuwa wewe hupo kunisomea, na nikamsikia pasta wa Ngoliba, neno kwa neno. Nilikuwa nimekuweka wewe ndani ya Thaara, halafu nikawafanya nyote wawili malaika. Malaika ni rahisi kumuaga. Mtu mwenye maneno yake, mwenye njaa yake, hapana.

Nikafuta yote.

Leo nimempigia mhariri nikamwambia Thaara hafi. Akasema basi nitafute wachapishaji wengine. Nikasema sawa. Nilipokata simu, nikatafuta namba yako nikupe habari. Kidole kilikuwa tayari kwenye jina lako. Naogopa, Wangari. Huenda kitabu kisitoke kabisa, na hakuna mwingine duniani anayejua goti la Thaara lilivunjika vipi.

Lakini sura ya mwisho nimeianza upya. Anayekufa ni mchungaji mwenzake wa mito, rafiki yake wa tangu utotoni. Thaara hamlilii vizuri. Hatoi hotuba, hapigi magoti. Anaingia nyumbani kwa marehemu, anafunua chungu, anakula kiporo akiwa amesimama, huku anamtukana kwa kwenda zake na kumwachia mito yote peke yake. Mito inamsubiri nje. Yeye anaendelea kula.

Ndivyo nilivyo. Ulipougua uliniambia ni kifua tu, kitapita, nisije, niandike. Nikakuamini. Nimekukasirikia mpaka mikono inauma, na nimekuwa nikijifanya ni huzuni kwa sababu huzuni inapendeza zaidi mbele ya watu.

Nakuahidi nitamaliza, hata kama msomaji atakuwa mimi tu. Majina kwenye jalada yatakuwa mawili, lako likitangulia.

Kwaheri, mtu wangu. Sijakusamehe bado.

Nyambura,
Ruiru