Dakika Saba Nilizokunyima Msibani

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia mbele za watu, asome anayetaka, maana kosa langu kwako nililifanya mbele za watu.

Laiti ungesikia nilivyohutubia msibani kwako Mbulumbulu. Dakika arobaini! Mimi niliyekomea kidato cha pili nilimfunika hata paroko. Nilianza na itifaki: diwani, mwenyekiti wa kijiji, wazee wa ukoo, wakwe waliotoka Kansay, mpaka mwenye maturubai nilimtambua. Kisha nikausoma wasifu wako kama ninavyowasomea watalii wasifu wa kreta ya wanyama pale juu ukingoni. Ulizaliwa wapi, ulilima ngano wapi, ulikaa kamati zipi. Mawingu yakashuka, wachimba kaburi wakaegemea machepe yao, mimi nasonga tu. Watu walinishika mkono. "Umeongea, kaka! Mzee kazikwa kwa heshima." Mwenyekiti akaomba nakala. Nikampa, kifua mbele.

Hawakujua kwamba niliongea mengi yote yale ili nisiseme jambo moja.

Unalijua. Siku moja ulishuka Karatu kwa lori la maharage, umevaa gambuti zenye udongo mwekundu, mkononi dumu la maziwa mgando. Ulinikuta hotelini, nimeegemea Landkruza, miwani ya jua kichwani, nawachekesha wageni wangu. Mama mmoja wa Kizungu akaniuliza kwa Kiingereza, "Huyu mzee ni nani? Mmefanana."

Nikamjibu kwa Kiingereza hichohicho, "Huyu? Analeta maziwa jikoni."

Mimi ninayejigamba kwa lugha nne, pamoja na Kijerumani cha kumtuliza mgeni aliyekosa kumwona faru, nilisahau kwamba wewe ulikulia kwenye mashamba ya walowezi. Hukuinamisha kichwa. Ulimtazama yule mama, ukasema kwa Kiingereza safi kuliko changu, "Ni kweli, mama. Maziwa tu." Kisha ukanigeukia: "Bosi, niyaweke wapi?"

Bosi. Baba, uliniita bosi. Nikakuonyesha mlango wa jikoni kwa kidole. Nyumbani hatukuligusa tena jambo lile. Ulinipokea Krismasi na Pasaka kama kawaida, ukauliza habari za simba.

Mwaka huu vijana wa hapa Karatu wameanzisha mazungumzo mafupi ukumbini, Jumamosi mchana. Kila msemaji dakika saba, wazo moja. Nikajiandikisha, nani angenizuia? Mwalimu mmoja wa kike, mdogo kwangu kwa miaka ishirini, ndiye anayewaandaa wasemaji. Nikamsomea yangu. Sijafika hata kwa wageni waalikwa akainua mkono.

"Anko, hiyo ni hotuba."

"Si ndiyo kazi iliyonileta?"

"Hapana. Hotuba ukimaliza, watu wanasema umeongea. Hapa ukimaliza, wabaki na kitu mkononi. Wewe unawaachia nini?"

"Uzoefu wangu wa miaka mingi katika sekta ya utalii."

Akacheka mpaka akakaa. "Anko, huo ni wasifu. Niambie kitu kimoja ambacho ukikisema sauti itakutetemeka."

Nikakunja karatasi zangu. Nikaondoka bila kuaga. Lakini kazi yangu imenifunza jambo. Mgeni unayemkimbiza kreta nzima, hapa pundamilia, pale kiboko, jioni hakumbuki hata mmoja. Unayemzimia injini mbele ya nyati mzee, mkakaa kimya, huyo nyati anakwenda naye mpaka kwao. Hotuba yangu ya msibani ilikuwa ya kukimbiza gari. Nilikupitisha mbio, watu wasipate kukutazama, wala mimi.

Jumamosi nilisimama bila karatasi, bila itifaki. Nikawaeleza habari ya gambuti, dumu na mlango wa jikoni. Nikamalizia: ukimkana mtu wako hadharani, huwezi kumrudisha kwa siri. Zilikwisha dakika nne, tatu zikabaki nimesimama tu. Hawakupiga makofi. Hakuna aliyeomba nakala. Kijana mmoja, dereva mwenzangu, alitoka nje na simu sikioni. Nikamsikia anasema, "Baba, hapana, hakuna tatizo. Nimekupigia tu."

Mama alikuwa amekaa kiti cha mbele ukumbini. Nilimpandisha Mbulumbulu kwa gari. Tulipofika nyumbani akabaki amekaa, mlango hajaufungua.

"Siku ile baba yako aliniambia hakukukuta," akasema. "Aliniambia, 'Mtoto yuko kreta, kazi zimemzidi. Maziwa nimewapa walinzi.' Tena akakusifu."

Akashuka. Tangu hapo ananijibu salamu, basi.

Kumbe siri ile tulikuwa tunaitunza wawili. Wewe ulimficha hata mkeo ili nibaki mtoto mzuri nyumbani kwetu, ukafa nayo. Mimi nimeifumua, na Mama sasa ana majeraha mawili, lako na langu. Sijui kama nimetenda haki. Najua tu kwamba nisingeweza kukusifu tena huku nakuficha.

Sina maelezo ya kuongeza. Nipe radhi, Baba.

Ni mimi mwanao,
ambaye ulisema hukumkuta.