Barua Aliyosomewa Shangazi

Mafinga, 3 Juni 2024

Shangazi Minza,

Shikamoo. Nakusihi, ukishasoma barua hii ichome jikoni, neno lolote lisimfikie baba. Mimi ni mzima, ila sina raha. Goti lako linaendeleaje?

Baba amenipigia. Ng'ombe wa mahari wa mzee Nashoni wataingia zizini kwetu Jumamosi tarehe 15. Unajua wakishalala pale, nimeshaolewa na mwanawe Ezekiel. Shangazi, nina mtu. Anaitwa Anord, Mhehe wa Kilolo, seremala jirani na kiwanda cha mbao ninakofanya ukarani. Hana hata mbuzi. Nilitaka kumwambia baba, lakini nikaitikia tu, "Ndiyo, baba."

Simu ya nyumbani anashika yeye, ndiyo maana naandika. Kanisani huwa nakuona na kitabu cha nyimbo, najua utasoma mwenyewe. Tafadhali, mwombe baba awazuie hao ng'ombe.

Mwanao,
Prisca


Chimala, 16 Juni 2024

Mwanangu Prisca,

Marahaba. Goti linauma ila natembea.

Kitabu cha nyimbo nakishika kwa heshima tu. Nyimbo ziko kichwani, kusoma sijui. Nilidhani umeleta salamu, nikampelekea anayetusomea barua zote hapa, yaani baba yako. Alisoma kwa sauti mpaka "lisimfikie baba", akaiweka magotini. Nikamwambia, "Basi ichome." Akasema, "Subiri, dada, sijamaliza."

Alipomaliza kunisomea yote akauliza, "Mbao zinakamuliwa maziwa?" Nikamuuliza yeye alihamia huku Usangu akimkimbia nani, kama si mchumba aliyechaguliwa na babu yako. Akachukua baiskeli, akaenda kwa Nashoni. Jana zizini walilala ng'ombe wetu tu.

Anayeandika haya ni yeye. Namwambia aandike kwamba alitoa machozi, hataki.

Shangazi yako,
Minza

Ulikuwa moshi wa jikoni. Prisca, kwa nini uliitikia ndiyo? Mimi ni simba? Huyo seremala nataka kumwona akiwa kazini. Nielekeze.
Baba yako, Bujiku


Mafinga, 20 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Hamjambo wote? Barua niliisoma nimesimama, ikabidi nikae juu ya rundo la mbao. Nisamehe kwa ile "ndiyo". Anord anaogopa kuliko mimi. Tangu asubuhi anapiga randa ubao uleule.

Shuka stendi ya Mafinga. Usipande bodaboda, ni karibu. Fuata malori ya magogo mpaka geti la kijani, umuulize mlinzi, Asukile. Nisipopokea simu usirudi; mashine zina kelele, siisikii. Simama hapo getini uniite kwa nguvu, kama unavyoita ng'ombe jioni. Nitatoka.

Binti yako,
Prisca