Alichosema Aliyetoka

Alhamisi, mwisho wa Oktoba. Samuye.

Joto. Mawingu yamekaa upande wa Maganzo tangu asubuhi, meusi na mazito, na hayatupi hata tone. Pumzi yangu ni fupi leo lakini kichwa ni chepesi, kwa hiyo niandike sasa.

Kuna maneno niliambiwa kwa simu nikayaficha. Hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mjukuu wangu Kabula, nami nilitumwa tu niyapokee na kuyafikisha. Niliwaambia wa nyumbani kwamba sikuambiwa kitu.

Kesho Kabula atawaandikia watu kukataa kazi, kwa sababu ya uongo huo.

Kabula ni mtoto wa binti yangu. Ndiye aliyenifungulia blogu hii baada ya vidole vyangu kushindwa kalamu. Alisema simu haihitaji mwandiko mzuri. Anafundisha Kiingereza katika shule binafsi huko Kahama, kazi ileile niliyoifanya mimi mpaka nikastaafu. Nilimfundisha mwenyewe jioni kwa jioni, yeye akimenya karanga na mimi nikimsomea hadithi kwa sauti, na hata leo hawezi kusahihisha madaftari bila karanga mdomoni. Akicheka hufunika kinywa kwa mkono wa kushoto kama alivyofanya marehemu bibi yake. Hawakuwahi kuonana. Sijui aliutoa wapi mkono huo.

Mwezi wa nane alikuja na mapapai na habari. Shule moja huko Thailand imemkubali akafundishe watoto Kiingereza. Mshahara ni mara tano ya huu wa Kahama, ambao nao huja vipande vipande kama mvua ya mwaka mbaya. Chumba ni bure. Tiketi ya kwenda watalipa wao. Ya kurudi ni juu yake. Mji wenyewe ni mdogo na uko karibu na mpaka.

Mama yake aliposikia mpaka, aliweka papai chini.

Sote tumesikia habari za vijana walioitwa kwenye kazi nzuri upande ule wa dunia, wakajikuta wamefungiwa ndani, pasipoti zimechukuliwa, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Binti yangu anauza mchele sokoni mjini na amezoea kupima. Alimuuliza mwanawe swali moja tu: "Anayekulipa mara tano, anataka nini mara tano?"

Kabula akasema hata Kahama ameshaibiwa simu, na huo mshahara wa kununua nyingine hajauona. Wakabishana mpaka uji ukaungua. Mama anataka uhai, mtoto anataka maisha, na wote wawili wakanigeukia mimi.

Mimi nikasema maneno mazuri. Nilisema yapimwe mawili tu, malipo na usalama, na mimi nisiwekwe kwenye mizani, kwa maana chumvi yangu nimeshaila. Daktari alikuwa ameshawaambia wanirudishe nyumbani nipewe ninachopenda kula, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Tangu siku hiyo napikiwa matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga kila nikifungua mdomo. Binti yangu akajifuta macho kwa kanga, akasema, "Baba, una moyo."

Nikaila ile sifa kama matobolwa.

Baba yake Kabula ni mchimbaji mdogo, yuko Nyarugusu huko Geita. Tulimpigia simu, tukaiweka mezani ili sote tusikie. Yeye hakuuliza habari za mshahara. Aliuliza kama kuna mwalimu aliyetoka kwenye nafasi hiyo.

Niwaeleze ninyi msioijua kazi yao. Mchimbaji akiitwa kufanya kazi kwenye duara geni, yaani shimo ambalo hajawahi kushuka, hamuulizi mwenye duara kama ni salama. Mwenye duara atasema ni salama. Anakaa juu mdomoni mwa shimo na kumngoja anayetoka zamu, anamuuliza huko chini kukoje. Tena anamuuliza kabla hajanawa uso, kwa sababu mtu akishanawa anakuwa bwana, anaanza kusimulia ushujaa wake. Akisema ni sawa, unashuka. Akikaa kimya, unachukua kofia yako na kuondoka. Haulizwi mara mbili.

Baba Kabula ameishi kwa kanuni hiyo na vidole vyake kumi viko kamili. Imewahi kumgharimu pia. Mwaka mmoja aliacha duara zuri kwa sababu aliyetoka alimtazama tu, akapita. Wenzake walioshuka walitoka na dhahabu, wakanunua pikipiki. Baadaye ikajulikana kwamba yule bwana alikuwa na jino linamuuma, hakuweza kufungua mdomo. Wanamcheka mpaka leo. Wakimwona wanashika shavu na kunyamaza. Yeye hujibu kwamba bado ana miguu ya kukimbilia wanaomcheka.

"Mtafuteni aliyetoka," alisema siku ile. "Kabla hajanawa."

Kabula akaiandikia shule. Walijibu upesi, wakampa namba ya mwalimu wa kike, mwenyeji wa Kisumu, aliyekuwa anaondoka juma lilelile. Mama Kabula alilichukulia neno la mumewe vilevile lilivyo: apigiwe siku anayotua Nairobi, kabla hajafika kwao na kuoga. Kabula alimwandikia, naye akakubali. Lakini siku hiyo Kabula alikuwa anasimamia mitihani ya darasa la saba na simu haziruhusiwi, mama yake yuko sokoni. Nikabaki mimi.

"Guku, ongea naye wewe," Kabula aliniambia. Hivyo ndivyo tunavyomwita babu Kisukuma. "Kiingereza chako ni cha zamani, lakini hakijachacha."

Hakikuhitajika. Tuliongea Kiswahili. Nyuma yake nilisikia makondakta wakiitia abiria wa Kisumu. Alikuwa mchovu, lakini aliponisikia sauti aliniamkia vizuri, akaniita mzee wangu. Niliuliza kila tulichopanga kuuliza, naye alijibu kila nilichouliza. Mwishoni akanitakia afya njema.

Jioni waliponijia, Kabula akitoka kushuka basi la Kahama na binti yangu hajavua hata viatu, niliwaambia kwamba nilipotaja jina la shule yule mwalimu alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu, nikasema, kisha akakata simu.

Nilijua ninachofanya. Ningesema ameisifu shule au ameiponda, wangebishana, wangempigia tena, wangeuliza ya pili na ya tatu. Nilichagua kimya. Katika nyumba ya mchimbaji, kimya cha aliyetoka hakijadiliwi.

Baba Kabula aliposikia kwa simu alivuta pumzi na kusema, "Basi asishuke." Mama Kabula akasema ashukuriwe Mungu. Kabula alitazama mikono yake. Akasema labda yule dada amepata mabaya makubwa, na si vizuri kumsumbua. Hata mimi uongo wangu ulinifanya nimwonee huruma yule mwalimu.

Na majuma yaliyofuata yalikuwa matamu. Lazima niseme hivyo, kwa kuwa ni kweli. Kabula amekuwa akija kila Ijumaa. Ananikata kucha. Ananisomea magazeti akiruka habari za vifo, akidhani sioni. Ananipaka mafuta miguuni, na ananitania kwamba miguu yangu ni kama mihogo iliyosahauliwa shambani. Juma lililopita alinifunika shuka, akasema, "Guku, basi tutakaa wote." Nikalala kama mtoto.

Kisha Jumapili.

Nilikuwa nimejilaza sebuleni, wao wakidhani nimesinzia. Kabula alikuwa uani akipepeta mchele wa mama yake, na nikasikia anahesabu. Haikuwa Kiswahili, haikuwa Kisukuma, haikuwa Kiingereza. Moja mpaka kumi, polepole, kwa lugha ya kule. Akikosea anarudia mwanzo. Watu wamemwambia huko ni hatari, mwenyewe ameshakubali kukataa, na bado anajifunza kuhesabu watoto wa darasa ambalo hatalifundisha.

Nimefundisha maisha yangu yote. Namjua mtu anayejifunza kwa sababu amelazimishwa, na namjua mwingine.

Tangu Jumapili nimejaribu kumwambia mama yake. Anaingia na bakuli la uji, ananifunga kitambaa shingoni, na mdomo wangu unapokea uji badala ya kutoa maneno. Kabula mwenyewe hatafika mpaka kesho jioni, na kesho mchana, siku ya mwisho waliyompa kujibu, atakuwa ameshaandika. Nimempigia leo, akapokea mbio akidhani nimezidiwa, akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia nimekula matobolwa. Tukaagana.

Lakini najua nikichapisha hapa simu yake italia kabla ya simu ya msomaji mwingine yeyote. Aliipanga mwenyewe iwe hivyo, ili asome makosa yangu kabla ya watu.

Basi soma hili, ng'wana wane, mwanangu, na baba yako msomee, yeye macho yake na herufi ndogo hayapatani.

Yule mwalimu hakunyamaza. Alisema watoto wa kule ni wengi darasani na wana kelele. Mvua huko si ya mchezo. Chakula kina pilipili, utalia mwezi wa kwanza. Mkuu wa shule ana hasira asubuhi, mchana anasahau. Mshahara haukuwahi kuchelewa hata mara moja. Pasipoti alikaa nayo mwenyewe, kwenye sanduku lake, na ufunguo shingoni. Mpaka uko karibu kweli, lakini alikuwa akienda dukani jioni kwa miguu, peke yake, na hakuna aliyemgusa. Fedha ya tiketi ya kurudi alianza kuiweka kando tangu mshahara wa kwanza, na anakushauri ufanye hivyo.

Nikamuuliza kwa nini ameondoka. Akasema, "Mama yangu ni mgonjwa, mzee wangu. Nimekuja kumuuguza. Kama si yeye ningekuwa bado niko huko. Mwambie mjukuu wako aende."

Nilimshukuru. Nikaweka simu juu ya mto, nikakaa nayo mpaka jua likahama dirishani. Nilikuwa nimewaambia wote nisiwekwe kwenye mizani, kumbe nilikuwa nimeshaketi juu yake na uzito wangu wote.

Huko ni salama, Kabula. Nimelijua hilo muda wote huu. Sikuiogopa Thailand hata siku moja.

Nilitaka mkono utakaonifumba macho uwe wako.