Swichi Yenye Alama ya Mkono

Machame, Kilimanjaro.
9 Agosti 2024.

Mpendwa Dada Martha,

Shikamoo dada, Bwana Yesu asifiwe. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia ilifika? Shemeji Eliona naye mwambie nilimwota amevaa koti lake la harusi, linamtosha kabisa. Sisi Mungu anatutunza. Baridi ya mwaka huu ni kali, ng'ombe amezaa dume, na kahawa ya shamba la chini tumeanza kuchuma.

Sasa dada, kaa vizuri. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningekwepa. Unanijua, ningeongea habari za ng'ombe mpaka salio liishe.

Jumamosi ile nilikupigia nikakwambia kwamba Kindness, mke wa Ronald wangu, ameiua ile oveni ya umeme mliyotuachia mlipohamia Mwanza. Si kweli. Na ulipouliza yuko wapi, nikasema ameenda kusalimia kwao. Hilo nalo si kweli.

Alikuwa anaoka keki ya mnada wa mavuno, ya kupeleka kanisani kesho yake. Taa ya oveni inawaka, feni inazunguka, joto hakuna. Saa nzima keki imekaa kama uji. Akabadilisha soketi, akashusha swichi kubwa ya nyumba akaipandisha, wapi! Na sebuleni wamekaa wenzangu wanne wa kikundi cha wanawake, nami nimeshajisifu kwao kwamba keki ya nyumbani kwangu ndiyo itakayogombaniwa.

Nikaona aibu, nikatafuta mtu wa kunibebea. Nikasema mbele yao, "Hivi wewe, mikononi mwako kuna kitu kitakuja kifike mwisho?"

Dada, unakumbuka mwezi wa pili. Ujauzito wa miezi mitano ukaharibika. Wewe mwenyewe ulimtumia vitenge vya kumpa pole.

Mungu anajua nilikusudia keki. Lakini nilipomwona uso nikajua nimesema kitu kingine, na sikukirudisha. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya oveni. Jioni alikuwa kwa mama yake, kule Shirimatunda. Mimi nikashika simu kukulalamikia.

Ronald alikuwa mlimani akipandisha watalii. Aliposhuka akakuta chumba kitupu. Mpaka leo ananipa shikamoo tu, basi.

Jumatatu nikamwita fundi Jacob wa Bomang'ombe. Akafungua nyuma, akapima koili, nzima. Nyaya nzima. Akakuna kichwa, akarudi mbele kwenye zile swichi tatu za kuzungusha.

"Mama, nani aliifuta hii mara ya mwisho?"

Nikajibu kwa majivuno kwamba ni mimi, Ijumaa, kwa ajili ya wageni, na swichi zote nilizirudisha kwenye sifuri zisile umeme. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mgonjwa wako haumwi, mama. Hii ya tatu ni ya saa, ya kupangia muda wa kuoka. Ikikaa sifuri, taa itawaka, feni itazunguka, joto halipandi ng'o. Inatakiwa ikae hapa penye mchoro wa mkono."

Akaizungusha. Dakika chache tu koili ikawa nyekundu. Dada, nilitamani ingekuwa imeungua kweli.

Halafu nikakumbuka. Uliniambia siku ile mnapakia vyombo, "Aikande, hiyo ya tatu msiiguse." Kindness alikuwa bado hajaolewa. Mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia, na sikumwambia.

Jumatano nikachuma jani la sale mpakani mwa shamba, nikalifunga fundo, nikaliweka ndani ya kitabu cha nyimbo ili niende kumwomba msamaha. Baba Ronald akasema mama mkwe haendi mwenyewe, anatuma mtu. Nikamwambia lile neno sikulituma kwa mtu.

Kindness alilipokea kwa mikono miwili, maana unajua kwetu sale halikataliwi. Kisha akasema taratibu, "Nimekusamehe, mama. Ila neno lile lilisikiwa na watu. Na hili nalo walisikie."

Jana nikasimama kikundini mbele ya wale wanne na wengine wote. Mmoja akataka kunifunika, "Yameshaisha hayo, Mama Ronald, kaa." Nikamwambia hayajaisha, niacheni nimalize. Nikamaliza.

Umebaki wewe. Nilimweleza Kindness kwamba nilikupigia siku ile. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Na mama mkubwa aliamini?"

Nakuomba, dada, mpigie wewe. Mwambie umeupata ukweli kwa mwandiko wangu mimi, wala usinipunguzie kosa. Jumamosi ijayo Ronald anamfuata. Kama atapanda gari au hatapanda, sijui. Swichi ya tatu nimeibandika plasta isisogee. Aproni bado iko juu ya oveni kama alivyoikunja. Sina ruhusa ya kuigusa.

Nisalimie shemeji, watoto Ndelilio na Sifael, na mama jirani yako anayeniulizia pombe yetu ya mbege. Mungu aliyenivumilia wiki hii awafunike na ninyi.

Wako akupendaye, hata kama leo hujisikii kunipenda,

Mdogo wako,
Aikande (Mama Ronald)