Wimbo Wangu Umempeleka Jirani Barazani

Kwako Shangazi Pascalia wa gazetini,

Pokea salamu kutoka Kabras. Mimi ni kijana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na ni mpiga gitaa wa bendi ambayo jina lake naomba usiliandike. Majina ya watu nimeyabadilisha yote ila mambo yenyewe sikuyabadilisha hata kidogo. Nakuomba unijibu upesi kwa sababu siku zilizobaki ni chache na sina mtu mwingine wa kumwambia haya.

Shangazi, gitaa nilianza kulipiga nikiwa darasa la tano, la debe la mafuta lenye nyuzi tatu za breki ya baiskeli, na nilipoingia sekondari tukaletewa mwalimu wa kujitolea kutoka Amerika, ambaye alikuwa na kaseti za muziki unaoitwa bluzi, na siku ya kwanza kuusikia nilisimama nje ya dirisha lake mpaka mvua ikanilowesha na sikujua kama inanyesha. Yeye ndiye aliyenifundisha kuteleza juu ya nyuzi kwa shingo ya chupa mpaka gitaa lilie kama mtu, na akaniambia kwamba katika bluzi unataja kitu kilichokuuma, unakitaja tena, halafu mstari wa tatu unasema kilitokea nini, na kwamba nisiimbe mambo ya redioni, niimbe ninayoyaona nyumbani. Alipomaliza miaka yake miwili aliniachia gitaa lake.

Wakati huo kiwanda cha sukari kilikuwa kimefunguliwa na watu wa kwetu wamepata malipo ya miwa, kila mtu ananunua redio na mabati, na baa zinatafuta bendi, kwa hivyo mimi na Barnaba, ambaye ana miaka kumi na tisa na ndiye mwimbaji wetu, na vijana wengine wawili, tukaanza kupiga Jumamosi mchana katika baa ya Bwana Osundwa, na yeye ndiye aliyetununulia kipaza sauti chenye spika mbili, ingawa ni mali yake na hukaa kwake. Barnaba aliacha kazi ya kukata miwa kwa sababu ya bendi. Tulikuwa tunapiganga siku za soko Lubao pia, na watu wanasimama.

Sasa Shangazi, mwezi wa tatu jirani yetu Philemon, mdogo wake huyo Osundwa, ambaye alikuwa mpakiaji wa miwa, alianguka kutoka juu ya trela akiwa ameketi juu ya mzigo, trekta ikipita kwenye shimo, na akafa pale pale barabarani. Baada ya mazishi mke wake, ambaye tunamwita Mama Sellah, alikuja kwetu akaingia jikoni kwa mama yangu, na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni nikifunga nyuzi za gitaa, wala hawakujua kama niko hapo, nikamsikia akimwambia mama huku analia kwamba asubuhi ya siku hiyo waligombana kuhusu karo ya Sellah, ambaye mwaka huu anafanya mtihani wa darasa la saba, kwa maana mume alitaka kununua baiskeli ya pili, na yeye kwa hasira akaondoa sahani ya obusuma, yaani ugali, mbele yake na kumwambia aende akale baiskeli, na mume akainuka akatoka bila kula, na hakumwona tena akiwa hai. Alisema, "Mimi ndiye nilimuua. Alipanda juu ya ile trela na njaa."

Nilikaa na maneno hayo siku tatu, na siku ya nne wimbo ukaja wenyewe.

Baba Sellah alitoka bila kula,
Baba Sellah alitoka bila kula,
njaa ikamwangusha njiani, mama watoto akiosha sahani.

Sikuona ubaya. Niliona ni bluzi kama nilivyofundishwa, jambo la nyumbani, na tulipoupiga Lubao mara ya kwanza wanawake walilia na wanaume wakavua kofia, tukaombwa tuurudie mara tano, na kutoka siku hiyo hatuwezi kumaliza kupiga mahali popote bila kuupiga. Kwenye maonyesho ya kilimo Kakamega alitusikia mtu wa Kisumu mwenye duka la santuri, na ametuandikia barua twende kurekodi wimbo huo tarehe ishirini na sita mwezi huu, na nyuma ya sahani hiyo ya santuri tuweke wimbo wowote tunaotaka.

Lakini Shangazi, Mama Sellah ameacha kuja kanisani. Ameacha kuja kwetu pia, anafikiri mama yangu ndiye aliyesambaza siri yake, na mama alipousikia wimbo kwa mara ya kwanza hakunipigia kelele, alimaliza kupura maharagwe yake, kisha akasema, "Hiyo maneno ilitoka jikoni kwangu, na si mimi niliitoa." Hajaniuliza kitu tena, ila chakula changu sasa ananiwekea mezani na kuondoka.

Na ubaya mwingine ni Bwana Osundwa. Anataka shamba la miwa la marehemu. Anasema mwanamke aliyemnyima mume chakula mpaka akafa hawezi kuachiwa miwa yake, na amempeleka kwa chifu, baraza ni Alhamisi tarehe ishirini na mbili. Wiki iliyopita aliniita nyuma ya baa, akanichinjia kuku nikala, kisha akaniambia, "Wewe kijana umesema ukweli ambayo wazee wote waliogopa. Alhamisi utakuja mbele ya chifu useme ulijulia wapi." Tena akasema kipaza sauti kitakuwa mali ya bendi kuanzia Ijumaa.

Barnaba anasema twende tukarekodi, na barazani niseme machache tu. Nilipomwambia nasita, alinijibu polepole, "Wewe utarudi shule. Mimi nitarudi kukata miwa." Na ni kweli.

Mimi najiambia kwamba sikusema uongo, maana yeye mwenyewe Mama Sellah ndiye aliyesema. Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna anayejua. Mwezi wa tano dereva wa ile trekta, anaitwa Makhanu, alinunua soda akanipa, akausifu wimbo, halafu akacheka kidogo akasema kwamba lakini Philemon hakuwa na njaa siku ile, walisimama Malava kwenye kibanda wakanywa chai na mandazi, ndipo akapanda juu. Nilimwomba asimwambie mtu, nikasema wimbo utaharibika. Hajamwambia mtu. Sasa sijui nifanye nini, kwa sababu nikisema, bendi imekwisha, na nisiposema silali. Nisaidie.

Mpiga gitaa, Kabras.


SHANGAZI PASCALIA ANAJIBU

Mwanangu, barua yako ilifika tarehe kumi na tano, na jibu hili nimelitia posta siku hiyo hiyo kabla hata ya kuwapelekea wachapishaji, kwa sababu gazeti lingekufikia baraza limekwisha. Wasomaji wengine watanisamehe.

Nianze na lililo jema. Una kipaji, na mwalimu wako alikufundisha vizuri. Umri wa miaka kumi na saba na soko zima linavua kofia, hilo si jambo dogo, na simlaumu Barnaba kwa kuogopa kurudi kwenye panga na masizi ya miwa iliyochomwa. Nimezaliwa katika nyumba ya mkata miwa, naijua ile kazi.

Sasa keti nikuambie mengine. Unasema hukusema uongo. Mistari yako miwili ya kwanza uliiiba nyuma ya ukuta, na wa tatu si kweli. Mwezi wa tano ulijua si kweli, na leo tuko mwezi wa nane. Miezi mitatu, mwanangu, mwanamke anaamka kila asubuhi akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua baba wa watoto wake, wewe unajua alikunywa chai, na umenyamaza ili mstari usiharibike. Unaniuliza kuhusu bendi. Mimi nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipouliza kuhusu yeye, sikupaona.

Kuondoa sahani si kosa la kupelekwa kwa chifu. Ni nyumba gani haijawahi kuwa na asubuhi ya namna hiyo? Yangu imekuwa nazo, na mzee wangu yuko hapa ananiuliza naandika nini. Huyo Osundwa hana uchungu wa mdogo wake, ana uchungu wa miwa, na kuku uliyemla ni wa kukununua. Umeshamla, basi, huwezi kumtapika, lakini hapo ndipo mwisho wenu uwe.

Ukimaliza kusoma barua hii, usisubiri kesho. Mwambie mama yako kila kitu, pamoja na ile soda na dereva. Atakasirika, na unastahili kukasirikiwa. Kisha mtafute Makhanu, umlete nyumbani kwa Mama Sellah mchana, mama yako akiwepo, na Makhanu ndiye aseme, kwa maana wewe hukuwepo Malava. Wewe utasema la kwako tu: kwamba ulisikiliza nyuma ya ukuta na mama yako hana hatia. Usiombe usamehewe siku hiyo. Usibebe gitaa. Usimwambie habari za Kisumu.

Alhamisi nenda barazani, maana umeitwa. Chifu akikuuliza ulijulia wapi, mwambie ukweli, kwamba wimbo uliutunga wewe na mstari wa njaa umeubuni, na dereva yuko hapa aulizwe. Osundwa atachukua kipaza sauti chake. Mwache achukue. Studio ya Kisumu haitawarekodi kwa kipaza sauti cha baa.

Wimbo huo usiupige tena, si Lubao, si Kisumu, hata wakikuomba mara kumi. Mwandikie mwenye santuri leo kwamba mtakwenda na nyimbo nyingine mbili. Akikataa, mtakuwa hamna sahani mwaka huu, na wewe una miaka kumi na saba. Kwa Barnaba nenda mwenyewe umwambie kabla hajasikia kwa watu, uvumilie atakachokuambia. Na mtihani wako wa kidato cha tatu usiuache.

Shangazi Pascalia.


Barua hii ya pili ya kijana yule ilifika ofisini mwezi wa kumi na moja, nimeona wasomaji waisome.

Kwako Shangazi,

Nilipata jibu lako Jumatatu tarehe kumi na tisa mwezi wa nane. Barnaba nilimwendea kama ulivyosema, akaniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, lakini Alhamisi alikuja barazani akasimama nyuma. Chifu alimwuliza Makhanu, akaniuliza mimi, nikasema, na watu wengine walinizomea. Chifu alisema wimbo si ushahidi, shamba libaki kwa Mama Sellah, na mkataba wa miwa uandikwe kwa jina lake. Bwana Osundwa alikunja nyaya zake siku hiyo hiyo na hatupigi tena kwake. Kisumu tulikwenda, mwenye duka hakufurahi lakini alirekodi nyimbo mbili nyingine, na sahani imetoka, inauzwa kidogo kidogo. Barnaba amerudi kukata miwa siku za kazi, na Jumamosi tunafanya mazoezi darasani shuleni, mwalimu mkuu ametupa ruhusa. Sellah amefanya mtihani wake.

Lakini nilitaka kukuambia kuhusu siku tuliyokwenda kwa Mama Sellah. Alikuwa anapepeta mahindi uani. Mimi nilisema langu na hakuniangalia. Makhanu akasema lake, kwamba marehemu alikunywa chai na mandazi mawili pale Malava. Mama Sellah akamwuliza kama aliyamaliza yote mawili. Makhanu akasema aliyamaliza, na akaomba aongezwe chai, na alikuwa anamfanyia mwenye kibanda mzaha. Mama Sellah akauliza tena, alikuwa amekaa wapi, nani alilipa, kama chai ilikuwa ya maziwa, na Makhanu akamjibu kila kitu bila haraka. Ndipo akaweka ungo chini akaingia ndani. Mama yangu akamfuata, akafunga mlango, tukawasikia wote wawili wakilia. Mimi na Makhanu tukafukuza kuku waliokuwa wanakula yale mahindi, tukaondoka.

Mpiga gitaa, Kabras.